Miwani ya Kuona Barabara Tu

Nyumba ya Bi Ngolo ilikuwa wazi na haina mtu. Mlango umeegeshwa, jiko lina moto, sufuria ya maji inatokota peke yake, na kuku mmoja anakatiza sebuleni bila wasiwasi. Nyanzobe alisimama uani, kofia ngumu kichwani na begi la ukunga mgongoni, akapiga hodi ya tatu. Hakuna aliyeitikia.

"Hata hawa wamenikimbia," akasema, na sauti yake mwenyewe ikamshtua, maana siku hizi hakuwa akiisikia sana.

Usimcheke. Zahanati ilikuwa imepigiwa simu muda mfupi uliopita: Kwandu, mke wa mwanawe Bi Ngolo, mimba ya kwanza, uchungu umemshika vibaya, mkunga aje mbio. Naye akaja mbio kweli. Enzi za magari zilishakwisha. Mafuta yalipotoweka duniani, watu wa nyanda zile waligeuza magari yao mabanda ya kuku wakarudi kwenye baiskeli, tena baiskeli za mota ya umeme, zinazokwenda kama zimetumwa. Njia Nyeupe ilijengwa kwa ajili ya hizo. Ilikuwa imenyooka, imepakwa chokaa ili isichemke juani, na huruhusiwi kuikanyaga mpaka macho yako yapimwe.

Na macho ya Nyanzobe hayakuwa ya kupita kipimo. Bila miwani hakutofautisha ng'ombe na kichaka mpaka kimojawapo kimguse. Kilichompa kibali ni lenzi za daraja la tatu. Zilikuwa na namba ya macho yake kama miwani yoyote, ila ndani ya kioo kulikuwa na utando mwembamba wenye akili, unaotazama mbele kabla yake. Chochote kinachoweza kumgonga, au kugongwa naye, utando ulikichora wazi, kingo zake zikiwaka. Vingine vyote ulivipaka rangi ya majani ili jicho lisitangetange. Mikono ya miwani nayo ilifanya kazi hiyohiyo masikioni: kengele na breki zilipita, porojo zilizuiwa. Nje ya Njia Nyeupe vyote viwili vilijizima.

Alitoa simu akampigia Bi Ngolo. Ilipokelewa kabla haijamaliza kulia.

"Wewe mtu wewe!" Bi Ngolo alifoka. "Umetupita!"

"Nimewapita wapi, mama? Niko hapa kwako uani."

"Kwangu unafuata nini? Tuko kando ya barabara, hapa kwenye kalvati! Tumesema tukusogelee, Kwandu akashindwa kutembea, amelala chini. Nimekupungia khanga mpaka bega limeuma, ukatupita hivihivi kama hutujui!"

"Nimepita hapo sasa hivi. Hapakuwa na mtu."

"Basi mimi ni mzimu. Rudi!"

Nyanzobe aliruka juu ya baiskeli akarudi. Njia ilikuwa mbele yake nyeupe, safi, na kandokando ni majani matupu. Akaiona kalvati. Akaona majani. Akapunguza mwendo, akatazama kushoto, akatazama kulia. Majani.

"Ndiyo huyo, anatupita tena!" Bi Ngolo alipiga kelele simuni. "Nyanzobe, umerogwa?"

Akafunga breki, tairi la nyuma likapiga kona, akavua miwani.

Dunia ikawa ukungu, lakini ukungu wenye watu. Sauti zilimwagika masikioni mwake zote kwa pamoja: mwanamke analia, mwanamke mwingine anafoka, mbuzi, mashine ya kukoboa kwa mbali, mtu anacheka. Karibu kabisa na ukingo, kando tu ya pale tairi lake lilipopita, kulikuwa na umbo limelala na umbo limesimama na kitu cha rangi ya chungwa kikipepea. Nyanzobe alitupa baiskeli chini akapiga magoti.

Sasa, mtu wa macho ya namna ile haoni mbali, lakini cha karibu anakiona kuliko wewe na mimi. Alifanya kazi bila miwani, uso wake ukiwa karibu ugusane na kazi yenyewe. Kitovu kilikuwa kimezunguka shingo ya mtoto. Alikizongoa kwa vidole, akamwambia Kwandu asisukume, kisha asukume, na mtoto akatoka wa bluu, kimya. Bi Ngolo alishika mdomo. Nyanzobe alimsugua yule mtoto mgongoni, akamfyonza pua, akamsugua tena. Ilichukua muda mrefu kuliko alivyopenda. Hatimaye kitoto kile cha kike kikakunja uso na kulia kwa hasira, na Kwandu naye akalia, na Bi Ngolo akakaa chini kwenye vumbi kama mtu aliyekatwa miguu.

Walipokwisha kumfunika mama na mtoto, wakingoja baiskeli ya wagonjwa, Bi Ngolo alimgeukia Nyanzobe.

"Hivi sisi tulikukosea nini?" aliuliza, sasa bila kufoka.

"Ninyi? Ninyi ndio mlioniacha, mama."

"Nani kakuacha? Asubuhi watu wanakuamkia, 'Mwangaluka, nesi! Mwangaluka!' Wewe macho mbele, unapita. Mwaka wa kwanza tukasema ana mawazo, mwacheni. Baadaye tukasema basi, amekuwa mkubwa, hatutaki. Anayetukataa kweupe tumlazimishe?"

Nyanzobe aliigeuzageuza mkononi ile miwani. 

"Na Luhende je?" Bi Ngolo aliendelea. "Mtu amefiwa na mke, lakini kila asubuhi anasimama pale kwenye tangi la maji akusalimie wa kwanza, watu waone hana kinyongo na wewe. Kila asubuhi, mwanangu. Unampita. Siku moja akaacha. Alisema, nadhani uso wangu unamchoma, bora nisimtese."

Hilo lilimpiga mahali pabaya. Niseme ukweli wake, maana yeye mwenyewe hakuwahi kumwambia mtu. Kabla ya lenzi hizi, Nyanzobe alikuwa anapita njia ya vumbi, katikati ya miji ya watu, yaani nyumba na nyua zao, na katika miji ile hupiti kwenye mlango wa mtu bila salamu, tena si salamu ya mkato. Wameamkaje, watoto wameamkaje, ng'ombe wameamkaje. Siku ile aliyoitwa kwa Holo, mke wa Luhende, alisalimia mji hata mji kama alivyolelewa. Alipofika, kitanda kilikuwa kimelowa damu na Holo alikuwa amekwisha nyamaza. Wiki iliyofuata alikwenda mjini kununua miwani, na alipoulizwa anataka kuona nini, alijibu: barabara tu.

Kisha akaanza kukaa peke yake. Kandokando ya njia hakuona mtu tena, wala hakuitwa, akaamini kwamba wakiona baiskeli yake inakuja wanaingia ndani. Aliona ni haki yao. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala amegeukia ukuta, akafungua redio asikie watu wakibishana mpira ambao hakuujua. Na kwenye nyumba alizoingia kuzalisha, walimjibu kwa mkato na kumpa chai bila kukaa naye. Miaka miwili. Na kumbe wakati wote ule walikuwa wamesimama pale pale.

* * *

Fundi Ndaki hapimi miwani ya baiskeli mtu akiwa amekaa kitini. Katikati ya duka lake kuna baiskeli ya zamani iliyopigiliwa sakafuni, imeelekea ukuta wenye herufi, na mteja awe na haya asiwe na haya, anapanda.

"Panda, dada," alimwambia Nyanzobe, ingawa Nyanzobe alikuwa amekuja na maneno, si na macho.

"Ndaki, kwa nini hukuniambia?"

"Panda kwanza. Nasikia vizuri mtu akiwa juu."

Alipanda. Ndaki alimzunguka na kalamu yake ya wino, mwanamume mfupi mwenye upara, aliyekuwa amejifunza kazi kwa baba yake wakati watu bado wanachagua fremu kwa urembo. Aligusa usukani. "Inama kama unavyoinama njiani. Haya. Unaona? Ukiinama, kichwa kinashuka lakini macho yanapanda. Unaangalia kwa sehemu ya juu ya lenzi. Miwani ya mezani, kitovu chake cha kuonea kipo katikati. Ukipanda nayo baiskeli unaangalia mahali ambapo hapakusagwa kwa ajili yako, barabara inapinda, kichwa kinauma." Akatia nukta ya wino juu ya kioo cha majaribio. "Fremu iukumbatie uso, vumbi lisipate mlango. Mpira puani, maana jasho halina adabu. Na isiwe glasi, ukianguka isikuingie jichoni."

"Nimepita mtu anazaa," Nyanzobe alisema. "Nimempita, Ndaki. Nilikwenda nyumbani kwake kumtafuta."

Kalamu ilisimama.

"Amekufa?"

"Hapana. Mungu tu."

Ndaki alivuta kigoda akakaa. Alifuta upara kwa kitambaa cha kufutia miwani, kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya mteja. "Nilikuuliza unataka kuona nini. Ukasema barabara tu. Wateja wanasema hivyo, halafu ukiwapa wanarudi kubadili. Wewe hukurudi. Nikasema basi, zimemfaa."

"Ulisema chochote kinachonihusu nitakiona."

"Nilisema chochote kitakachokugusa. Utando haujui mtu, dada. Unajua kilicho njiani na kinachosogea kuingia. Aliyekaa kando, ametulia, kwake huyo ni jiwe."

"Na anayepunga mkono?"

"Mti nao unapunga, upepo ukivuma."

Nyanzobe aliinamisha kichwa juu ya usukani wa ile baiskeli isiyokwenda popote. Alitaka kumkasirikia Ndaki, lakini hasira ilikataa kuja. Kilichokuja ni aibu, na nyuma ya aibu upweke ule ule wa kila siku, ila sasa ulikuwa na uchungu mpya. Kumbe haukuwa adhabu aliyopewa na watu. Aliununua mwenyewe, hapa hapa, juu ya baiskeli hii hii.

"Nipe za daraja la kwanza," alisema. "Zinazoonyesha watu wote."

"Za daraja la kwanza hazina kibali cha Njia Nyeupe kwa macho kama yako. Unarudi njia ya vumbi."

"Najua."

"Unajua?" Ndaki alimtazama. "Kwenda mpaka kijijini Seseko kwa njia ya vumbi ni safari. Mwenye kutoka damu atakungoja?"

Alijua. Hilo ndilo alilokuwa akiliwaza tangu kwenye kalvati. Akivaa hizi atafika upesi, lakini atawapita walio njiani. Akivaa zile atawaona wote, na mahali fulani mwanamke atakuwa amelala kwenye kitanda kilicholowa huku mkunga wake akiulizwa ng'ombe wameamkaje. Mara ya kwanza salamu iliua mtu. Mara ya pili kutosalimu kulikaribia kuua mtoto. Sasa achague nini?

"Hakuna nyingine?"

Ndaki aliinuka kutoka kigodani. Kisha akachukua kioo chenye nukta ya wino, akakishika kwenye mwanga, akapitisha ukucha katikati yake.

"Kuna kitu naweza kusaga," alisema. "Sijawahi kumsagia mtu. Ukiinama unatumia juu. Ukikaa wima unatumia chini. Juu naweka utando wa daraja la tatu. Chini naacha namba ya macho yako tupu, bila utando, na mkono wa miwani unafungua sauti kichwa kikinyanyuka. Wakaguzi wanampima mtu akiwa ameinama. Utapita."

"Kwa hiyo nikitaka kuwaona watu ninakaa wima."

"Unakaa wima, upepo unakushika kifua, mwendo unakufa. Ukitaka mwendo unainama, na watu wanapotea." Akakiweka kioo mezani. "Lakini sikusagii kabla sijakwambia, maana mara ile nilinyamaza. Hizo ulizonazo, ukimpita mtu, kosa ni la kioo. Hizi nyingine..."

"Kosa ni langu."

"Mimi sijasema hivyo."

"Nimesema mimi." Nyanzobe alishuka kwenye baiskeli.  "Saga."

* * *

Siku ya kwanza ya miwani mpya aliondoka zahanati mapema, hana mgonjwa, hana haraka. Alipanda Njia Nyeupe, akainama kidogo ili mwendo ushike, na njia ikawa ile ile anayoijua, nyeupe katikati, majani pembeni. Kisha akanyoosha mgongo.

Masalale! Kando ya njia palikuwa na soko zima. Viazi vimepangwa, nyanya zimepangwa, mama anakaanga maandazi, fundi wa viatu ametandaza soli, vijana wanne wamekalia benchi ambalo hakuwahi kujua lipo. Nyumba mbili zilizokuwa za udongo sasa zilikuwa za matofali. Msichana aliyempokea kwa mikono yake alipozaliwa alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, ana mimba. Watu walikuwa wameendelea na maisha yao pembeni yake, kwa urefu wa mkono, naye anapita katikati kila siku akijiona yuko peke yake duniani.

"Mwangaluka!" aliita. Sauti ilitoka na mikwaruzo.

Mama wa maandazi aliinua kichwa, akaangalia nyuma yake kuona anayesalimiwa ni nani. Vijana wa kwenye benchi walitazamana. Mmoja alicheka. Fundi viatu alijibu, lakini alijibu kiatu. Nyanzobe aliwaelewa. Salamu moja haitalipia zile zote walizozimwaga bure. Aliendelea kuita, mji hata mji, uso ukimwaka kwa haya, na aliyejibu alijibu, asiyejibu alimwacha.

Alikuwa hajafika hata nusu ya njia simu ilipolia. Seseko. Mzazi amejifungua nyumbani, kondo la nyuma limekwama, damu haikatiki.

Akainama.

Soko likafutika, watu wakafutika, kelele zikakatika kama redio iliyochomolewa. Baiskeli ilipiga mbio. Lakini hii haikuwa ile amani ya zamani. Zamani majani yalikuwa majani tu. Sasa kila alipoyatazama aliwaza: pale yupo nani? Yupo aliyelala chini ananipungia? Akinyanyua kichwa atajua. Na akinyanyua kichwa upepo utamshika, na kule Seseko damu haingoji. Alinyanyua mara moja kwenye kalvati, harakaharaka, akaona hakuna mtu, akainama. Alilia huku anakanyaga pedali, na miwani ilikuwa imeukumbatia uso wake vizuri kama Ndaki alivyoahidi, hakuweza kufuta machozi.

Mbele likatokea tangi la maji. Hilo utando ulilichora, kwa sababu nguzo yake moja imeingia ndani ya njia.

Usinyanyue, alijiambia. Mtu mwenyewe alishaacha kuja.

Alinyanyua.

Luhende alikuwapo. Hakuwa amesimama kumngoja, alikuwa amechuchumaa anafunga bomba linalovuja, shati limelowa, amekonda kuliko alivyomkumbuka. Alisikia tairi akageuka. Macho yao yakakutana, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Luhende akaangalia pembeni upesi, kwa adabu, kama mtu anayempisha mwenzake asiyetaka kumwona.

Mkono wa Nyanzobe ukashika breki wenyewe. Baiskeli ikasimama.

Yeye ndiye mkubwa kwa umri. Kwa desturi, mdogo ndiye huanza, na mkubwa hungoja. Nyanzobe hakungoja.

"Shikamoo, Luhende," alisema.

Luhende alisimama na spana mkononi.  Hakuna mtoto aliyezaliwa nyanda zile anayejua cha kujibu akiamkiwa hivyo na mtu wa rika la mama yake.

"Mama, usinifanyie hivyo," alisema.

"Sikuwa nakuona. Naapa, Luhende. Siku zote zile. Sikuwa nakuona." Maneno yaligongana mdomoni. Alikuwa na mengine mengi nyuma yake, ya siku ile, ya miji yote aliyosimama kuamkia wakati Holo anamngoja. "Nilichelewa kwa Holo kwa sababu..."

Luhende hakuwa akimsikiliza tena. Alikuwa analiangalia begi mgongoni kwake.

"Unakwenda kwa mzazi?"

"Seseko. Damu haikatiki."

Uso wa mwanamume yule ulibadilika wote. Alitupa spana chini. "Sasa umesimama nini hapa? Mama, umesimama nini?" Sauti ilipasuka katikati. "Salamu tutapeana ukirudi! Nenda!"

Akaruka ukingo, akaja nyuma yake, akashika keria kwa mikono miwili na kusukuma. Baiskeli iliyumba, Nyanzobe akatafuta pedali kwa mguu, mota ikaguna na kushika. Luhende alikuwa anakimbia, na alikuwa anapiga kelele ile ile, nenda, nenda, nenda, kama vile mwanamke wa Seseko ni yule wake na bado yuko hai.

Nyanzobe aliinama. Sauti ya Luhende ikakatika masikioni, na mbele yake ikabaki barabara tu, nyeupe, haina mtu. Lakini kwa nyuma, baiskeli ilikuwa bado inasukumwa.